Mito ya Rungwe Hukutania Wapi?

Mvua ya usiku mmoja ikinyesha kwenye nyanda za juu zilizo kati ya Mbeya na Tukuyu, matone yaliyodondoka jirani hayana hakika ya kuonana tena. Yaliyoangukia mteremko wa kaskazini wa Milima ya Uporoto huingia vijito vya Mkoji, hushuka tambarare za Usangu, huungana na Ruaha Mkuu na, yasipoishia mashambani, hufika Rufiji na kumwagika baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia. Yaliyoangukia magharibi, upande wa Umalila na Mbeya, huufuata mto Songwe uendao Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Huko safari huishia, maji yakapanda hewani na kuiacha chumvi yake nyuma. Yaliyoangukia kusini, upande wa Rungwe, huteremka na Kiwira, Mbaka au Lufilyo hadi Ziwa Nyasa, ambalo maji yake hutoka kwa mto Shire, huingia Zambezi na kufika Bahari ya Hindi katika pwani ya Msumbiji. Wingu lilikuwa moja. Kilichoamua ni mgongo wa mlima, na mara nyingine mgongo huo haupiti upana wa njia ya ng'ombe.

Tumezoea kuyasifu makutano ya mito kama picha ya umoja. Harusini mshereheshaji huwafananisha bwana na bibi harusi na mito miwili iliyokuwa mmoja. Jukwaani msemaji hulifananisha taifa na mto mkubwa uliopokea vijito vya makabila yake. Picha hiyo ni nzuri, na sina ugomvi na uzuri wake. Ninachodai ni kwamba imechukua sehemu ndogo ya yale ambayo mito yenyewe hufanya, ikaiacha sehemu nzito zaidi. Mito inapokutana hujumlisha. Kila kilichotendeka juu, kwenye kila bonde na kila shamba, hujumlishwa pale na kukabidhiwa aliye chini, apende asipende. Makutano ni mahali pa hesabu, na wilaya chache nchini Tanzania zinaonyesha jambo hilo waziwazi kama Rungwe.

Tuanze na ardhi, maana mto haujichagulii pa kwenda. Mikono mitatu ya Bonde la Ufa hukutana karibu na Mbeya: mmoja unatoka kaskazini-magharibi wenye Ziwa Rukwa, mwingine unatoka kaskazini-mashariki wenye tambarare za Usangu, na wa tatu unaelekea kusini wenye Ziwa Nyasa. Kwenye maungio hayo ganda la dunia limepasuka na kudhoofika, na tangu mamilioni ya miaka iliyopita uji wa moto umepanda na kujenga volkano juu ya volkano: Ngozi na ziwa lake lililotulia ndani ya kasoko, Kyejo uliotapika lava mara ya mwisho miaka kama 200 iliyopita, na Mlima Rungwe wenyewe unaofikia kimo cha mita 2,960. Milima hiyo ndiyo ikawa paa linalogawa maji pande tatu. Pale pale ardhi ilipokutanisha nyufa zake, maji hutengana. Anayetaka kuyafanya makutano kuwa ishara ya umoja na aanze kwa kulitafakari hili: maungio ya nchi ndiyo yaliyozaa mtengano wa mito, na mtengano huo ndio uliolipa kila bonde jirani sehemu yake ya mvua ya milima hiyo.

Na nini hutokea hasa mito miwili inapogusana? Kwa macho huonekana kama maji yameingia majini na basi. Chini ya uso mambo ni mengi. Kwenye pembe ya juu, pale kingo mbili zinapokutana, maji karibu yasimame. Katikati, mikondo miwili husuguana na kuzungukana, nguvu yake ikachimba sakafu ya mto na kuacha shimo refu. Pembeni, chini kidogo ya hapo, mkondo hulegea na kuuangusha mchanga wake, fungu likajitokeza. Mto uliopatikana hauwi na upana wa mito yote miwili ukijumlishwa. Sehemu ya maji yaliyoongezeka huchukuliwa na kina na kasi. Ndiyo maana wavuvi na wavushaji wa mitumbwi kote duniani hupaogopa mahali hapo, na ndiyo maana mhandisi anayejenga daraja hutafuta sehemu nyingine akiweza.

Wala maji hayachanganyiki upesi kama tunavyodhani. Karibu na mji wa Manaus nchini Brazil, Rio Negro wenye maji meusi na Solimões wenye maji ya rangi ya tope hukutana, kisha husafiri bega kwa bega kwa kilomita kadhaa, kila mmoja na rangi yake, kwa sababu inatofautiana joto, kasi na uzito wa tope iliyolibeba. Khartoum panatoa funzo jingine. Msimu wa mvua za Ethiopia, Nile ya Bluu hufurika kwa nguvu kiasi cha kuyazuia maji ya Nile Nyeupe, yakarudi nyuma na kutuama hadi mwenzake apungue. Kwa hiyo hata kwenye makutano mashuhuri kuliko yote barani Afrika, kwa miezi kadhaa ya mwaka kukutana maana yake ni mmoja kumfungia njia mwenziwe. Wataalamu wa mito wana hata ngazi za kuupima ukubwa wa mto kwa makutano yake: vijito viwili vya ngazi ya kwanza vikiungana huwa mto wa ngazi ya pili, lakini mto wa ngazi ya pili ukipokea kijito cha ngazi ya kwanza hubaki pale pale ulipokuwa. Unaweza kupokea vijito mia na usipande. Hupanda unapokutana na wa kimo chake tu. Ni kanuni ya vipimo, nami siipi uzito wa mafumbo, ila inaonyesha kwamba kupokea na kuungana ni mambo mawili.

Rungwe haina makutano ya aina ya Khartoum, mahali pa kujenga hoteli na kupigia picha. Mlima wa volkano hutawanya vijito vyake kama mwavuli unavyotawanya maji: kila kimoja hushika bonde lake, bonde hukatwa kwa kina katika majivu na lava, na migongo ya migomba, chai na maparachichi hubaki kati yao kama kuta. Anayetoka Tukuyu kwenda kijiji anachokiona ng'ambo hulazimika kushuka hadi mtoni na kupanda tena. Kiwira ndio mto mkuu wa upande wa magharibi, nao unajulikana zaidi kwa vituko vya miamba yake: Daraja la Mungu, tao la lava ambalo mto umepita chini yake na kuliacha limesimama, na Kijungu, mahali ambapo maji yote hutumbukia ndani ya shimo la mwamba lililochimbwa mviringo kama chungu. Mbaka hushika kusini-mashariki, na Lufilyo hukusanya maji ya Busokelo. Mito hii mitatu hupita kila mmoja kivyake katika tambarare ya Kyela, na inapokutana hatimaye hukutania ziwani.

Hapo ndipo hesabu huonekana. Kutoka kilele cha Rungwe hadi usawa wa Ziwa Nyasa, ulio karibu mita 500 juu ya bahari, ni mporomoko wa takriban mita 2,500 katika umbali ambao basi huumaliza kabla ya chai ya saa nne. Tukuyu ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi kuliko yote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Kyela pia hunyeshewa vikali. Maji ya mlimani hushuka kwa kasi, kisha hufika ghafla mahali pasipo na mteremko, yakakosa nguvu ya kubeba tope na nafasi ya kupita. Mafuriko ya Kyela hayategemei kiasi cha mvua peke yake. Hutegemea pia saa ambayo kila kijito kinaufikisha ujazo wake. Vijito viwili vikifura kwa kupishana, mto huvimba kidogo mara mbili. Vikifura pamoja, mto huvuka kingo. Na kinachoharakisha maji ya kijito ni mambo ya kawaida ya huko juu: msitu uliofyekwa, shamba lililolimwa kuteremka badala ya kukinga, mfereji wa barabara uliomwagwa bondeni, kingo zilizolimwa mboga hadi ukingoni mwa maji. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kama kosa kubwa mahali linapotendeka. Hupata ukubwa linapojumlishwa.

Ni haki kusema pia kwamba mafuriko hayo hayo ndiyo yaliyoitandaza Kyela. Tambarare yenye mpunga ambao jina lake huuzwa hadi masoko ya Dar es Salaam, na yenye kakao chini ya vivuli vya miti, ni udongo wa Rungwe na milima jirani uliobebwa kwa karne nyingi. Mkulima wa Kyela analima juu ya ardhi iliyokuwa ya wengine. Hesabu ya mto ina pande mbili, na anayeisoma upande wa hasara tu hajaimaliza.

Historia ya watu wa nchi hii ina jambo la kufikirisha kuhusu kukutana na kutengana. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Unyakyusa, yaani nchi hii ya Rungwe na Kyela, pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kwamba kila kizazi utemi uligawanywa. Katika sherehe ya ubusoka, vijana walipokabidhiwa nchi, wana wawili wakubwa wa mtemi walipewa kila mmoja upande wake, na penye utemi mmoja pakawa na miwili. Baadaye Simon Charsley, katika kitabu alichotoa mwaka 1969, alilitilia shaka dai kwamba mgawanyo ulifuata kanuni hiyo kwa ukamilifu. Hata tukichukua nusu ya hoja ya Wilson, picha inayobaki ni ya jamii iliyokua kwa kutawanyika, kwenye migongo iliyotenganishwa na mabonde makali, kama vijito vinavyoshuka kutoka kilele kimoja. Serikali za baadaye ziliendeleza mkondo huo bila kukusudia: Kyela na Ileje zilikuwa sehemu za Rungwe, na Busokelo ikapata halmashauri yake.

Je, watu hao walikutania wapi? Kwa maelezo ya Wilson, palipowakusanya ni Lubaga, kisitu kitakatifu kisicho mbali na Tukuyu, makao ya Lwembe, aliyeaminika kushika mvua na rutuba ya nchi. Watemi waliojitawala kila mmoja kwake walipeleka sadaka huko, hasa mvua ilipokataa au ilipozidi. Nalipa uzito jambo hili. Watu walioishi kati ya mito mingi kiasi hicho hawakuweka kitovu cha ibada yao pale mito inapoungana bondeni. Walikiweka juu, karibu na mvua, ndani ya miti isiyokatwa. Yawezekana walikuwa na sababu zao za kiimani zisizohusu mkondo wa maji hata kidogo. Bado uamuzi wao unapatana na fizikia ya nchi yao kuliko hotuba zetu za leo. Kinachotakiwa kulindwa kwa pamoja ni mahali ambapo maji bado hayajagawanyika.

Msomaji anaweza kunikatiza hapa. Ishara, atasema, si mali ya wataalamu wa maji. Wahindu huenda kwa mamilioni Prayagraj, zinapokutana Ganga na Yamuna, na kuhesabu kwamba mto wa tatu, Sarasvati, usioonekana kwa macho, unaungana nazo pale pale. Wala hawaulizi kina wala kasi. Katika sura ya al-Kahf, Nabii Musa anasafiri hadi zinapokutana bahari mbili, na huko anampata mja mwenye elimu ambayo yeye hakuwa nayo. Basi kwa nini mshereheshaji wa Tukuyu anyimwe mito yake miwili? Simnyimi. Lakini angalia mifano hiyo ilivyo. Kwenye Ganga watu huenda kutua mzigo wa dhambi. Kwa Musa makutano ni mahali pa kufunzwa subira na kutambua upungufu wa alichokijua. Kote kuwili anayefika huondoka akiwa ameulizwa jambo. Ishara zilizodumu kwa muda mrefu zimeubakiza uzito wa mahali penyewe, na uzito huo ndio ninaouona umepungua katika matumizi yetu.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: maji yakishachanganyika hayatenganishiki, na huo ndio umoja wenyewe, hata ukichelewa kilomita kadhaa. Kweli. Ila mchanganyiko haufuti wajibu, unaufanya uwe mgumu kufuatilia. Tope likishaingia Kiwira, mtu wa Kyela hawezi kusema hili ni la kijiji fulani na lile la kijiji fulani. Umoja wa namna hiyo unaweza kuwa maficho. Tazama pia suala la majina, ambalo wengi hulichukulia kuwa amri ya asili. Kilombero na Luwegu zikikutana, zote mbili hupoteza majina na mto unaitwa Rufiji. Kijito kikiingia Kiwira, ni kijito peke yake kinachopoteza jina. Na huku kwetu kuna mito miwili iitwayo Songwe, mmoja uendao Rukwa na mwingine uendao Nyasa ukiwa mpaka wa Tanzania na Malawi, yenye jina moja na isiyokutana popote. Maji hayajali jina. Watu ndio walioamua nani amemezwa na nani. Huo Songwe wa mpakani umekuwa ukihamahama katika tambarare ya chini, na kila ukihama huacha shamba la mtu upande wa nchi nyingine, jambo lililozilazimu serikali mbili kukaa pamoja na kupanga namna ya kuutuliza na kuutumia. Mkutano huo wa mezani ulihitaji miaka ya mazungumzo. Kwa upande wa maji, mteremko ulitosha.

Sheria zetu kwa kiasi fulani zimeuelewa mto kuliko lugha yetu ya majukwaani. Tanzania imegawa usimamizi wa maji katika mabonde 9 yanayofuata mteremko wa maji badala ya mipaka ya mikoa, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa imekuwa na makao yake Tukuyu, mahali panapostahili kabisa. Sheria ya mwaka 2009 ya usimamizi wa rasilimali za maji inatambua jumuiya za watumia maji, ambamo wa juu na wa chini wa mto mmoja wanaweza kuketi pamoja. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na vyanzo vya maji. Juu kabisa, msitu wa Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia.

Lakini mkulima wa mlimani naye ana neno, na ni neno la haki. Shamba lake ni la ekari moja au mbili, limebanwa kati ya mgongo na mto. Ukimtoa mita 60 kila upande, unaweza kuwa umemtoa kwenye bustani ya mboga inayosomesha watoto. Kwa nini yeye abebe gharama ya usalama wa mtu asiyemjua aliye kilomita 40 chini? Jibu langu ni kwamba asiibebe peke yake. Kama makutano ni hesabu, basi wanaonufaika chini, kuanzia skimu za umwagiliaji hadi mitambo ya umeme, wana deni kwa wanaotunza juu, na deni hulipwa kwa miche, kwa malisho ya ng'ombe wa maziwa yanayoshika kingo, kwa bei nzuri ya parachichi linalopandwa mahali pa mkaratusi unaofyonza chemchemi. Agizo lisilo na malipo hayo huheshimiwa mchana na kuvunjwa usiku. Gharama ya kuiahirisha hesabu tumeiona upande wa pili wa Uporoto: tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, mto unaolisha mabwawa ya Mtera na Kidatu, ulianza kukauka kwa majuma mengi ya kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa iliyopewa jina lake, viboko wakabanana kwenye madimbwi. Hakukuwa na mkosaji mmoja. Kulikuwa na mifereji mingi, kila mmoja ukichukua kiasi ambacho peke yake kingevumilika, na mto ukafika kwenye makutano yake mikono mitupu.

Turudi kwa matone yetu ya upande wa kusini. Nimesema hufika Zambezi, na baadhi hufika kweli. Lakini Ziwa Nyasa lina eneo la karibu kilomita za mraba 29,600, limetanda chini ya jua, na Shire ndio mlango wake pekee. Sehemu kubwa ya maji yanayoondoka humo haipiti mlangoni, hupanda angani kama mvuke. Pepo za kusini-mashariki huusukuma mvuke huo kuelekea kaskazini, juu ya mpunga wa Kyela, hadi unapokutana na ukuta wa Rungwe, ambapo hulazimika kupanda, kupoa na kuwa wingu. Alasiri ukungu huanza kushuka juu ya mashamba ya chai. Kiwira, Mbaka na Lufilyo, zilizokataa kukutana bondeni, huwa zimeshachanganyika ziwani, na sasa zinarudi mlimani zikiwa mvua moja, tayari kugawanyika upya kwenye mgongo ule ule.